Miaka Minane Golini Katika Ziwa la Chumvi

Rafiki yangu Tatu ndiye aliyesema niandike. Alisema kwa kuwa nimeacha goli na sina tena sababu ya kulowa, niwaandikie nyinyi wadogo mnaoanza, msije mkawa mnauliza maswali yaleyale kila Jumamosi. Nimesoma mpaka darasa la saba na mwandiko wangu ni wa polepole. Kurasa hizi zimenichukua wiki sita, kwenye meza ya mama, baada ya kuosha vyombo. Mtanisamehe pale nilipofuta.

Sitaandika habari za vikombe. Tulipata kimoja, nacho kina ufa. Wala sitaandika habari za kuwa nahodha, maana nilichaguliwa siku ambayo sikuwepo. Nitaandika jinsi nilivyoingia, jinsi kazi inavyofanywa, na jinsi nilivyotaka kutoka nikakaa miaka miwili bila kuweza kusema. Hiyo ya mwisho ndiyo nataka muisome vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nauza mayai ya kuchemsha kando ya Ziwa Singidani siku za Jumapili, watu wanapokuja kupunga upepo. Siku hiyo nilikuta wanaume wamesimama ufukweni wanabishana. Mbali majini kilionekana kichwa chenye kofia nyekundu.

"Yule mzungu anazama," alisema mmoja.

"Hazami. Angezama angepiga kelele."

"Wewe umewahi kumsikia mzungu anapiga kelele?"

Wakaendelea kubishana mpaka yule aliyekuwa anazama akafika, akatoka majini mwenyewe, akatusalimia sote, "Shikamooni." Mdogo kuliko wote pale nilikuwa mimi. Wanaume waliitikia marahaba haraka haraka, kabla hajabadili mawazo.

Huyo ndiye Mwalimu Nuria. Mume wake alikuja kutoka Hispania kuchimba visima vijijini, naye akaja pamoja naye, wakapanga nyumba mtaani kwetu, Mandewa. Alisema watakaa miaka miwili. Mpaka leo hii yupo na visima bado vinachimbwa.

Alikuwa na mpira wa manjano. Aliurusha kwenye lile kundi letu bila kutangaza. Baadaye alituambia ndivyo alivyokuwa akitafuta wachezaji, kwa kuangalia nani hakimbii. Wote walikimbia. Mimi sikuweza kukimbia kwa sababu nilikuwa na beseni la mayai kichwani. Mkono mmoja ulishika beseni, mwingine ukashika mpira. Hakuna yai lililoanguka.

"Wewe," akasema Mwalimu. "Golini."

Sikujua goli gani. Sikuuliza. Nilikuwa na tabia hiyo ya kutouliza, na mtaona ilinifikisha wapi.

Mama alikataa siku ya kwanza. "Binti yangu avue nguo mbele ya Mandewa nzima?" Mwalimu akaja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akanywa uji wa mtama mpaka mwisho bila kukunja uso, jambo ambalo mama alilihesabu. Wakakubaliana nivae taiti nyeusi mpaka kifundo cha mguu na fulana ya mikono mirefu. Kisha Mwalimu akatoa ile kofia ya mchezo, yenye vikinga masikio na kamba za kufunga chini ya kidevu. Mama akaigeuza, akaivuta, akanivalisha. Ilifunika nywele vizuri kuliko mtandio wangu. Akasema, "Hii haina neno."

Mpira wa majini, au polo ya majini kama inavyoandikwa kwenye fomu, una watu saba kila upande. Huruhusiwi kukanyaga chini. Mchezo mzima unaelea, na mkono mmoja tu ndio unashika mpira, isipokuwa golikipa, ambaye anaruhusiwa miwili. Miguu inazunguka chini ya maji, mmoja huku na mwingine kule, bila kupumzika. Mwalimu alituambia kwao wanaufananisha mzunguko huo na kupiga mayai kwenye bakuli. Hatukuelewa. Tatu akasema, "Si kama kusonga ugali? Wapishi wawili, sufuria moja, kila mmoja na mwiko wake." Kuanzia siku hiyo tunaita kusonga, na mkisikia mtu anapiga kelele "Songa!" mjue asili yake ni Tatu.

Tatu tulianza naye. Yeye alikuwa na maneno na mimi nilikuwa na mikono mirefu. Aliwekwa mbele kufunga, mimi nikawekwa nyuma kuzuia. Mazoezini alikuwa ananirushia mpira usoni kisha anasema, "Dija, pole, nilidhani umelala."

Maji ya ziwa letu ni ya chumvi. Yanawasha macho na kukausha ngozi mpaka inakuwa nyeupe kama umepakwa unga. Kwa hiyo kila msichana anakuja mazoezini na dumu lake la maji ya bomba, la kujimwagia baadaye. Mtacheka nyinyi mnaotoka nyumba zenye maji ya uhakika, lakini fikirini tulivyoonekana, wasichana kumi na wawili tunapita barabarani na madumu yaliyojaa, tunaelekea ziwani. Mafundi baiskeli pale njiani walikuwa wakituita kila Jumamosi.

"Jamani, ziwa limepungua? Mnakwenda kulijaza?"

"Tunakwenda kuliosha," alijibu Tatu.

Goli letu la kwanza lilitengenezwa kwa mabomba ya plastiki yaliyobaki kwenye visima. Lilielea juu ya madumu manne matupu yaliyofungwa kwa kamba za katani. Nyavu tulipewa na mvuvi mmoja, zile zenye matundu ambazo samaki walishazizoea. Kasoro yake ilikuwa upepo. Mnajua upepo wa Singida mwezi wa nane. Siku moja tuko katikati ya mazoezi, nikageuka kutazama goli langu, halipo. Lilikuwa limeshafika kwa heroe, wale ndege wekundu wenye miguu mirefu, nao wamelizunguka wanalikagua. Nililifuata kwa kuogelea. Tatu anadai mpaka leo kwamba kati ya vitu vyote vilivyonipita golini, goli lenyewe ndilo la kwanza. Tangu siku hiyo tunafunga mawe matatu, na nawaomba msipunguze yakawa mawili eti kwa sababu ni mazito. Uzito ndiyo kazi yake.

Mambo mengine madogo ya kushika. Kateni kucha Ijumaa, kwa sababu mwamuzi anakagua mkono mmoja mmoja kabla ya mechi, na kucha ndefu inamtoa mtu nje mbele za watu. Fungeni kamba za kofia kwa fundo la kufunguka, nimeona mtu akikatwa kofia kwa kisu cha nyanya. Na wakati wa kiangazi, maji yakipungua, msijaribu kukanyaga chini mkidhani hamwonekani. Mwalimu anawasimamisha mstarini mkitoka na kuangalia vidole vya miguu. Mwenye tope kati ya vidole anaogelea mara kumi kwenda na kurudi. Nimeogelea hizo kumi. Nilikuwa na tope mguu mmoja tu, nikasema nimeteleza. Mwalimu akasema basi mguu usioteleza upumzike, nikaogelea kwa mguu mmoja.

Yeye mwenyewe alikuwa golikipa. Hili alituambia kidogo kidogo, tukiwa tumekaa juani tunakauka. Alianza akiwa na miaka tisa kwenye mji wa kwao kando ya bahari, akacheza mpaka miaka thelathini. Kofia ya golikipa ni nyekundu. Golikipa wa kwanza anavaa namba moja, na wa akiba namba kumi na tatu. Mwalimu alivaa kumi na tatu miaka tisa. Aliitwa timu ya taifa lao mara mbili, na mara zote mbili aliingia majini kupasha mwili, akatoka, akakaa benchi amelowa mpaka mwisho.

"Ulijisikia vibaya?" nilimuuliza. Ni moja ya maswali machache niliyowahi kumuuliza.

"Nilisikia baridi," akasema.

Akanieleza kwamba kwenye benchi ndiko alikojifunza kazi, kwa sababu anayekaa anaona wote saba. Na golikipa ndiye pekee anayeona uwanja wote akiwa ndani. Kwa hiyo golikipa lazima aseme. Aseme nani yuko wazi, nani arudi, nani yuko nyuma yako. Golikipa asiyesema, alisema, ni bomba la tatu la goli.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Mimi nyumbani nikitaka chumvi nasimama na kuizungukia meza. Darasani nilikuwa nikijua jibu nasubiri mwalimu alitaje mwenyewe. Sasa natakiwa nipige kelele mbele ya ziwa zima. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa nawaona adui wanakuja nyuma ya Tatu, namtazama tu Tatu, namwombea.

Mwalimu hakunigombeza. Aliwaambia wenzangu wageuke, wafumbe macho, kisha yeye akawa anaelea na mpira. Mimi nilitakiwa kusema alipo. Kushoto, kulia, karibu, mbali. Nisiposema, anampiga mmojawapo mgongoni kwa mpira. Alimpiga Tatu mara nne. Mara ya tano nikapiga kelele "Kushoto!" kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Wavuvi waligeuka.

"Eh!" Tatu akasema, macho bado ameyafumba. "Kumbe betri zipo."

Basi nikawa nasema nikiwa majini. Nikitoka nikivaa gauni, sauti inabaki humo humo.

Mwaka wa tatu tulialikwa Arusha, kwenye bonanza katika bwawa la shule moja. Tulikwenda tumejaa matumaini. Mwalimu alikuwa akituambia kwamba miguu yetu ina nguvu ajabu, kwamba tunasimama majini mpaka kifuani kama watu wa miaka kumi ya mazoezi, kwamba hajawahi kuona wasichana wanajifunza haraka namna hii. Tulimwamini. Yeye naye alijiamini.

Niliingia bwawani wa kwanza kwa sababu golikipa hupasha mwili mapema. Maji yalikuwa ya buluu, yanaonekana mpaka chini, mazuri. Nikazama.

Sikuzama kabisa. Ila nilisonga kama ninavyosonga siku zote, na maji ambayo kwetu yalikuwa kifuani hapa yakanifika midomoni. Nikaongeza nguvu, yakabaki midomoni. Nikadhani ni woga. Kisha akaingia Tatu, akaibuka, macho yamemtoka. "Dija, haya maji yana nini? Hayashiki!"

Mwalimu alisimama ukingoni akatutazama mmoja baada ya mwingine tukishuka mpaka puani, akajipiga kofi kwenye kipaji cha uso. Alikuwa amecheza maisha yake yote kwenye mabwawa ya maji yasiyo na chumvi, akaja kutufundisha kwenye ziwa la chumvi, na hata siku moja hakukumbuka kwamba chumvi inabeba. Miguu tuliyokuwa tunasifiwa nusu yake ilikuwa ya ziwa.

Tulifungwa kumi na tisa kwa moja. Lile moja alifunga Tatu, na alikuwa anapiga pasi.

Tulikuwa kwenye gari la kurudi, tumefika Manyara. Halafu Mwalimu akasimama, akashika kiti, akasema, "Kosa ni langu. Nisameheni." Sikuwahi kuona mtu mzima akisema hivyo mbele ya watoto. Niliona ni jambo dogo sana kwake, maneno manne, na gari zima likapumua. Nilipaswa kujifunza hapo hapo. Sikujifunza.

Ndiyo sababu mnakwenda Ikungi kila mwezi, na mnalalamika, nimesikia. Kule kuna lambo la kunyweshea mifugo, maji yake ni matope lakini hayana chumvi. Mwalimu alienda na baba yake Tatu kuomba kwa wazee wenye ng'ombe. Wazee walicheka kwanza, kisha wakakubali kwa sharti kwamba ng'ombe wakija saa sita sisi tuwe tumetoka, kwa sababu ng'ombe hanywi mahali anapoona vichwa vinaelea. Tulikuwa tunaingia asubuhi, kila mtu ameshika tofali juu ya kichwa kwa mikono miwili, tunasonga. Tofali likigusa maji unaanza upya. Mimi golikipa nilipewa mawili. Mwaka uliofuata Arusha tulifungwa nne kwa tatu, na tulirudi tunaimba kana kwamba tumeshinda.

Kazi ya golikipa ni mabega. Kuruka kutoka majini, mikono juu, kupokea mpira unaokuja kwa nguvu zote za mtu, mara mia kwa Jumamosi moja. Mwaka wa sita bega langu la kulia lilianza kulia ndani kama mlango. Sikusema. Nilipaka dawa ya mafuta, nikavaa fulana, nikaenda. Baada ya miezi mkono ukawa haupandi kupita sikio. Nikajifunza kuzuia kwa kushoto na kujisogeza, ili mipira mingi ije upande ninaoweza. Watu walisema Dija siku hizi ana akili golini. Ilikuwa ni maumivu.

Nilikwenda hospitali peke yangu. Daktari alinishika mkono, akauzungusha, mimi nikatoa machozi bila sauti.

"Unafanya kazi gani?"

"Nalima na mama. Na nacheza."

"Basi chagua. Ukiendelea na mchezo, hata jembe hutalishika."

Jibu lilikuwa rahisi. Mama hana mtu mwingine. Shamba letu la alizeti na mtama liko upande wa Ikungi, na mimi ndiye jembe la pili. Lakini wakati huo wengine walikuwa wameolewa, wengine wamekwenda sekondari za bweni, tukabaki wanane. Nikitoka wanabaki saba, hakuna wa akiba, na kati ya hao saba hakuna aliyewahi kukaa golini hata kwa mzaha. Timu isiyo na golikipa haiandikishwi popote. Niliona kwamba siku nitakayosema, timu imekufa, na aliyeiua ni mimi. Mwalimu amekaa miaka yote ile, wasichana wamebeba madumu miaka yote ile, kisha mimi na bega langu.

Hata hivyo nilijaribu. Mara ya kwanza nilifika mapema nimwambie Mwalimu kabla ya wengine. Alikuwa anashona wavu, akasema, "Afadhali umekuja, shika hapa." Nikashika. Tukamaliza wavu. Mara ya pili niliandika karatasi, nikaiweka kwenye kiatu chake. Upepo. Mara ya tatu nilianza kabisa, nikasema, "Mwalimu, kuna jambo." Akasema, "Ndiyo?" Nikasema, "Mawe ya goli yanatosha?" Akasema yanatosha.

Ikapita hivyo miaka miwili. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nafika wa kwanza, maneno nimeyakariri njiani. Wenzangu wanadhani ni hamu ya mchezo.

Mama ndiye aliyegundua, na aligundua shambani. Tulikuwa tunapalilia, yeye mstari wake, mimi wangu. Akasimama.

"Mbona unalima kama mtu aliyelewa?"

"Nalima tu, mama."

"Unalima kwa kushoto. Tangu lini wewe ni wa kushoto? Hebu inua mkono huu."

Nikainua mpaka begani. Hapo ukakataa. Mama akanitazama, akaanza kusema kwa Kinyaturu, na mama akikasirika kwa Kinyaturu hapumui katikati. Alipofika mwisho akarudi kwenye Kiswahili ili nisiseme sikuelewa.

"Jumamosi unamwambia mwalimu wako. Usipomwambia, nitakwenda mimi ziwani, nitawaambia wote, kuanzia yeye mpaka wale mafundi baiskeli."

Nilimjua mama. Angekwenda amevaa khanga zake mpya, angesalimia kila mtu kwa zamu, angeeleza tangu siku niliyozaliwa. Kwa mara ya kwanza kunyamaza kulikuwa na aibu kubwa kuliko kusema.

Jumamosi ile wenzangu walikuwa wanavaa kofia. Bonanza la Arusha lilikuwa limebakiza wiki mbili. Mwalimu alikuwa ananyoosha kamba. Nilisimama na dumu langu mkononi, sikuliweka chini, niliogopa nikiliweka nitapata kitu kingine cha kufanya.

"Siingii," nikasema.

Hawakusikia. Upepo ulikuwa mkali. Basi nikatumia ile sauti ya majini.

"Siingii leo! Wala Jumamosi nyingine! Bega limekufa!"

Wavuvi waligeuka tena. Mwalimu akaacha kamba.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili!" Sura yake ikawa nyekundu kama kofia. Nilitegemea pole, sikupata pole. "Miaka miwili nakurushia mipira kwenye bega bovu, na wewe unaniangalia tu? Unanifanya mimi mtu wa namna gani, Hadija?"

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kunamfanyia mtu mwingine kitu. Nilidhani ni mzigo wangu peke yangu. Aligeuka akaenda mpaka kwenye maji, akanawa uso. Aliporudi alinishika ule mkono wa kulia taratibu, akaupandisha mpaka ulipokataa, akaurudisha, akasema, "Vaa nguo zako za kawaida. Umemaliza."

Halafu akawageukia wale saba. "Nani golini?"

Kimya. Hicho ndicho kimya nilichokuwa nakiogopa kwa miaka miwili. Nilisikia madumu ya goli yakigongana majini. Nikafungua mdomo kusema basi, nitacheza hili moja la Arusha tu, la mwisho.

"Funga mdomo, Dija," akasema Tatu. "Umeufungua vizuri mara moja, usiuharibu." Akanyoosha mkono. "Leteni hiyo kofia nyekundu. Miaka minane namfunga huyu, nashindwaje kukaa pale? Kazi yenyewe kuelea na kupiga kelele, na kelele ninazo."

Nilipogeuka kuondoka, nilimkuta mama amesimama barabarani amevaa khanga mpya. Alisema alikuwa anapita.

Arusha nilikwenda. Nilikaa benchi, mkavu, nimevaa gauni na ndala, nimebeba taulo za watu. Tatu alifungwa kumi na nne. Alifungwa kushoto, kulia, katikati ya mikono, na moja liligonga bomba likamgonga kisogo likaingia. Sisi tulifunga matatu. Kila goli lilipoingia nilisubiri kitu kibaya kitokee, kile nilichokuwa nakingoja miaka miwili. Kilichotokea ni kwamba mwamuzi alipuliza filimbi, mpira ukarudishwa kati, wakaendelea. Baada ya goli la sita niliziweka taulo chini. Baada ya la kumi nilikuwa nakula andazi. Mpaka mechi inakwisha hakuna aliyekufa na hakuna kilichokufa. Yule mtu wa kuandikisha alikuja na daftari lake akamuuliza Mwalimu kama mwakani tutakuja tena. Mwalimu akasema, "Saba hawa unawaona. Tuandike."

Tatu alitoka majini akitambaa. Mikono yake ilikuwa imechoka mpaka hakuweza kufungua kamba za kofia, nikamfungulia. Akalala chali kwenye sakafu, anahema, maji yanamtoka puani.

"Dija."

"Naam."

"Kwa nini hukutuambia kwamba kazi hii inauma?"

"Nilikuwa natafuta nafasi ya kusema," nikamwambia.

Akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi Mwalimu ampige mgongo. Alipopata pumzi alisema Jumamosi nije nimfundishe, ila nikae nchi kavu. Nikasema nitakuja. Kisha nikaenda kwenye gari, nikachagua kiti cha dirishani, na kabla hatujatoka Arusha nilikuwa nimelala.